Aliyetumwa Msibani

Katika ile miaka mitatu ya baraza la mkoa, wajumbe walikuwa tisa, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kupendwa. Mmoja aligawa mipira ya kikapu vijijini. Mwingine alisimamia ubatizo wa watoto wa watu, mpaka akawa hawatambui hata kwa sura. Fidencio Sagisi yeye alipendwa kwa misiba. Bokal Sagisi, maana wajumbe wa baraza kwetu huitwa hivyo, bokal, na mtu akishalipata jina hilo haliachi hata akiwa amelala. Ila hiyo misiba iliyompendezesha hakuwa anaihudhuria. Aliyekuwa akiihudhuria ni Basilisa Gorospe.

Basilisa, ambaye wengi tulimwita Manang Ising, manang kwetu ni dada mkubwa, alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini. Alikuwa amepanda mpunga katika mashamba ya watu na kutunga majani ya tumbaku katika mabanda ya watu, na cha kwake mwenyewe kilikuwa sauti. Kwetu maiti halazwi kimya. Gogo huwashwa uani likafuka mpaka siku ya kuzika, wanaume hucheza karata kando, na mwanamke mtu mzima hukaa ubavuni mwa jeneza, akajifunika kitambaa cheusi, akamwimbia marehemu mbolezi. Humweleza maisha yake: alizaliwa wapi, alimpenda nani, nani alimdhulumu, amemwacha nani na nani. Huanza kwa kujitambulisha na kusema ametumwa na nani, kwa kuwa maiti hapendi sauti asiyoijua. Na kwa kuwa anayeambiwa ni maiti, walio hai hawana ruhusa ya kumkatiza. Hata padri akiingia, husimama mlangoni akasubiri.

Bokal alimsikia katika msiba wa shangazi yake mwenyewe, mwaka ule alioshindwa uchaguzi. Aliona jambo ambalo hajawahi kuliona: wacheza karata waliziweka karata chini. Mtu aliyewahi kushindwa huona haraka. Alipogombea tena alimfuata Ising kwake, akamwambia kwamba wenzake hupeleka shada la maua lenye jina lao kwenye utepe, nalo shada halina mdomo. Yeye angepeleka shada na sauti. Akashinda, na akamshonea Ising gauni jeusi zuri, la kwanza jipya tangu harusi yake, lenye jina la Bokal lililodariziwa kifuani kwa uzi mweupe.

Basi Ising akawa mtu. Sisemi kwa kumcheka. Mwanamke aliyekula mlo wake jikoni maisha yake yote sasa alikaribishwa kiti, akamiminiwa kahawa ya kwanza, akaulizwa maoni yake kuhusu madaraja. Wahuni wa karata walimtania wakimwona anakuja: Manang, pita mbali, mimi bado mzima. Naye aliwajibu kwamba wasiwe na wasiwasi, yeye atawalilia kwa bei ya chini kwa sababu hakuna mengi ya kusimulia. Kisha angekaa, angejifunika, na sauti ingetoka: "Nimetumwa na Bokal Fidencio Sagisi, nikulilie kwa machozi yake." Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba, alivyonieleza baadaye, lilikuwa linatoka kabla hajafungua mdomo sawasawa.

Mdogo wake Ambrosio, Ambo, aliishi Bantog, kwenye kona ya mto. Ising ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, akambeba mgongoni huku anapanda mpunga, na mpaka Ambo ana mke na watoto, akimwona dada yake anakuja alikuwa bado anashuka ngazi kumpokea mzigo. Mkewe Luming alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi na nyasi, juu ya ukingo, na ule ukingo ndio uliozuia mto usiingie kijijini wakati wa tufani. Ndio huo ambao kampuni ya kokoto iliutaka.

Kuchimba pale kulihitaji idhini ya baraza. Mzee Ustakyo, aliyekuwa anawakusanya watu wa Bantog kupinga, akafa kwa ugonjwa wa mapafu kabla jambo halijafika ukumbini. Siku ya msiba wake Ising alikwenda kwanza kwa Bokal, akamwomba, si kwa niaba ya kijiji, kwa niaba ya mdogo wake. Bokal akamwambia awe na amani. Idhini hiyo haitapita, alisema, yeye mwenyewe atakuwa ukuta wa Bantog. Ising akalibeba neno kama lilivyo, akakaa kwa marehemu, akamwambia alale, mto hautaguswa, Bokal ametoa neno lake.

Bantog wote walisikia, na Bantog wote waliamini. Mtu mwingine angeuliza waliamini kitu gani, ahadi ya mwanasiasa? Lakini kwetu watu hudanganyana wakiwa hai kila siku, sokoni, kanisani, kitandani. Nani atamdanganya maiti?

Siku ya kura walikuja mkoani, wakajaza mabenchi ya nyuma ya ukumbi. Ising alikaa nao, na gauni lake. Wajumbe waliingia mmoja mmoja, kila mmoja na pete yake na chupa yake ya maji, wakaketi. Kiti cha Sagisi kikabaki kitupu. Karani akasimama akasoma kwamba Bokal Sagisi ameomba udhuru, yuko msibani.

Yule mama aliyekaa mbele ya Ising aligeuka polepole. "Kama Bokal yuko msibani," aliuliza, "wewe unafanya nini hapa?"

Ising alikitazama kile kiti. Mikono minne ikanyooshwa kukubali, mikono minne ikanyooshwa kukataa. Kura zikilingana, makamu wa gavana anayeongoza kikao ndiye anayeamua, naye alinyoosha wa kwake kukubali, kwa uvivu, huku anamwuliza karani kama chakula kimefika. Mkono mmoja tu ungetosha kuliangusha jambo lile. Watu wa Bantog walitoka nje wakasimama kwenye jua, hawajui waende wapi, na hakuna aliyetaka kusimama karibu na lile gauni.

Jioni alimfuata Bokal nyumbani kwake. Alimkuta anavua viatu, vina udongo wa makaburini kweli.

"Kiti chako kilikuwa kitupu, Bokal."

"Nilikwenda kuzika, Manang. Mama yake meya wa kusini. Ulitaka nisiende?"

"Siku zote naenda mimi."

"Na siku moja nimeenda mwenyewe, imekuwa kosa? Si wewe uliyenifundisha kwamba msiba haungoji?" Alitabasamu. Halikuwa tabasamu baya. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mtu yule, hakuwa nalo tabasamu baya. Akamketisha, akamwagizia uji wa mchele na kuku, akamwambia mambo hayajaharibika. Kampuni imekubali kujenga ukuta wa mawe kabla ya kuchimba, ni sharti, limeandikwa. Watu wasianze kuhangaika na kuhama. "Nenda ukawaambie. Mimi wananisikiliza tu, Manang. Wewe wanakuamini."

Je, aliamini? Nimemwuliza, na hajawahi kunijibu sawasawa. Nadhani alijua, na nadhani aliusukuma ujuzi huo chini kama mtu anavyosukuma takataka chini ya mkeka mgeni akiwa mlangoni. Akilirudisha lile gauni, atakipoteza na kile kiti anachokaribishwa misibani. Alijiambia kwamba mjumbe hauawi, yeye kazi yake ni kufikisha. Kesho yake akaenda Bantog.

Ambo alikuwa juu ya paa, anaondoa nyasi. Kwetu nyumba ya mianzi haiachwi. Hupunguzwa uzito, majirani huingiza miti chini yake, wakaibeba mabegani mpaka inakokwenda. Majirani walikuwa wamekwisha kuja. Luming alikuwa chini anafunga masufuria kwenye gunia, wanahamia kwenye kiwanja cha wazazi wake, kule juu kwenye kilima. Ising akasimama uani akayasema aliyotumwa.

"Huo ukuta uko wapi, Manang?" Luming aliuliza bila kuinua macho.

"Utajengwa."

"Lini?"

"Kabla hawajachimba. Bokal kasema."

"Na siku ile alisema nini?"

Ising aliinua macho paani. Ambo ndiye aliyejibu kutoka juu, kwa hasira kidogo, kwamba mkewe aache kumhoji dada yake. "Huyu hajawahi kunidanganya. Huyu ndiye aliyenilea. Akisema tukae, tunakaa." Na akateremka. Akawapa majirani pombe ya miwa kwa usumbufu, wakacheka, wakaenda zao na miti yao. Luming alifungua gunia, akatoa sufuria moja moja akazirudisha mahali pake.

Kiangazi kizima tingatinga zilifanya kazi. Kwa ajili ya ukuta yalikuja malori mawili ya mawe, yakamwagwa kando ya njia, na juu yake likasimamishwa bango lenye picha za wajumbe wote tisa na gavana, wakitabasamu, likitangaza mradi wa ukuta wa Bantog. Hilo bango lilikuwa refu kuliko ukuta utakavyowahi kuwa. Watoto walilitumia kama goli. Luming alipita chini yake kila siku na ndoo yake, na Ising alipokwenda kuwasalimu alizoea kupita njia ya nyuma, ya mashambani, ingawa ilikuwa na tope.

Halafu ikaja mvua, na nyuma yake tufani. Maji yalipoanza kupanda, Luming aliwachukua watoto akaenda kwa wazazi wake. Alimwomba mumewe waende wote. Ambo akasema atamngojea nyati wao wa kulimia kwanza, na ukingo utashika, na Manang kasema. Luming amenirudia maneno hayo kwa mpangilio huohuo, nyati, ukingo, Manang, na sijamsikia akiyapunguza hata mara moja. Alfajiri ukingo uliondoka na nyumba ikiwa juu yake. Ising wakati huo alikuwa upande wa pili wa mkoa, anamlilia mwalimu mstaafu kwa machozi ya Bokal.

Walimpata Ambo maji yaliporudi, chini kwenye mashamba ya mpunga ya watu wengine.

Msiba uliwekwa kwa wazazi wa Luming. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, kwa hiyo mashada yalikuja tisa, utepe juu ya utepe, hata ya wale wanne walionyoosha mikono kukubali, mpaka jeneza likawa halionekani vizuri kutoka mlangoni. Na Bokal Sagisi akaja mwenyewe, na mpiga picha wake, akasimama karibu na kichwa cha marehemu, mikono imekunjwa mbele.

Ising hakuwa na nguo nyeusi nyingine. Alilivaa lile gauni, amelipindua, mshono nje, na jina la Bokal likawa vifundo vya nyuzi nyeupe visivyosomeka. Wafiwa walimpisha kwa sababu hakuna mwingine wa kufanya kazi ile. Luming alikuwa kwenye mkeka na watoto. Hakumtazama. Ising akakaa ubavuni mwa mdogo wake, akajifunika kitambaa, akavuta pumzi, na sauti ikatoka peke yake kama ilivyozoea.

"Nimetumwa na Bokal Fidencio Sagisi—"

Karata zilisimama hewani. Mama mmoja aliziba mdomo. Ulimi ulikuwa umeteleza, kila mtu aliona, na kila mtu angemsamehe kama angelia tu akaanza upya. Lakini Ising alikuwa amelisikia neno lile kwa masikio yake, mbele ya uso wa Ambo, na alipolisikia aliona kwamba halina kosa ndani yake. Ilikuwa ndiyo kweli yenyewe. Akalishika akaendelea nalo.

"Nimetumwa na Bokal Fidencio Sagisi, mdogo wangu. Ndiye aliyenituma siku ile uko juu ya paa. Alinituma nikwambie ushuke, nikakwambia, ukashuka. Alinituma nimwambie Mzee Ustakyo mto hautaguswa. Siku ya kunyoosha mikono alikwenda kumzika mama wa mtu, nikakiona kiti chake kitupu, nikakiona kwa macho yangu, Ambo, na aliponituma tena bado nilikuja. Nilikuja kwa mdogo wangu na uongo wa mtu mwingine mdomoni, kwa sababu nilipewa gauni."

Kisha akawataja. Mwombolezaji mwishoni hutaja wafiwa, jina kwa jina, ili marehemu ajue amemwacha nani. Ising akataja lile baraza: wale wanne na majina ya baba zao, makamu wa gavana na chakula chake, na aliyekuwa msibani. La mwisho akataja la kwake. Na hapana aliyemkatiza. Bokal alibaki pale pale, mila imemfunga miguu, mpaka neno la mwisho. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Wengine husema yalikuwa ya aibu, na pengine ni kweli, mimi sikuingia moyoni mwake. Alipoondoka alitembea hadi garini peke yake, maana kwetu wafiwa hawamsindikizi mgeni.

Ukitarajia kwamba mbolezi ile ilimwangusha, basi hujawahi kuishi kwetu. Mpiga picha alikuwa anafanya kazi yake. Wiki ile picha ilisambaa mkoa mzima: Bokal analia kwenye jeneza la mtu maskini wa Bantog. Picha haina sauti. Alirudishwa barazani kwa kura nyingi kuliko mwanzo, na watu waliomchagua hawakuwa wabaya, waliona tu mtu analia.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Asubuhi baada ya maziko, wafiwa waliteremka mtoni kuoshwa nywele. Hufanywa hivyo kwetu ili huzuni isiwagande kichwani: mabua ya mpunga huchomwa, majivu yake hulowekwa, na mtu mmoja huwamwagia wote kwa kata. Luming ndiye aliyeshika kata. Ising, aliyekuwa kama mama wa marehemu, alifungua nywele zake, ambazo zilikuwa zimeota mvi nyingi kuliko nilivyojua, akapiga magoti kwenye changarawe pamoja na wengine, akainamisha kichwa.

Luming aliwamwagia watoto kwanza. Akawamwagia wazazi wake, shemeji zake, binamu waliotoka mbali. Kila mmoja alimsugua kwa vidole, taratibu, akamkamua nywele. Alipofika kwa Ising alisimama. Ising, na nywele zimemfunika uso, aliona miguu yake tu, na aliona kwamba kata bado ina maji.

Maisha yake yote Luming alikuwa akimwita Manang. Safari hii hakumwita jina lolote.

"Mwambie aliyekutuma akuoshe," alisema.

Akayamwaga yale maji kwenye mawe, akawashika watoto mikono, akapanda nao. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ising alibaki amepiga magoti, kichwa kikavu kimeinama, mpaka mto mbele yake ukaanza kugeuka rangi, kwa sababu asubuhi hiyo kule juu tingatinga zilikuwa zimerudi kazini.